Shahada ya uuguzi ukiwa na kazi na mji wa kulisha: anza na yenye foleni ndefu

Shahada ya kwanza ya uuguzi hapa Tanzania huchukua miaka minne, halafu unafuata mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Haisomwi jioni baada ya kazi, wala huwezi kuisoma kwenye simu huku unauza duka Mwanjelwa. Leo uko darasani, kesho maabara, muhula ukigeuka uko wodini, na wodi ina zamu ya usiku. Kwa kijana aliyemaliza kidato cha sita juzi, maandalizi ni kufungasha godoro na kupanda basi. Kwa muuguzi wa zahanati kule Busokelo, mwalimu wa Makambako au karani wa kiwanda cha chai Mufindi, mwenye miaka thelathini na kitu, ni kupanga upya maisha ya watu wanne au watano kwa wakati mmoja.

Watu wazima wengi nilioona wakijiandaa huanza na vitabu. Wananunua kitabu kinene cha anatomia, wanapiga mstari kurasa ishirini za kwanza, halafu Julai inafika na hawana namba ya uhakiki wa stashahada, au jina la cheti halifanani na la kitambulisho, au ofisi ya utumishi haijawahi kusikia habari yao. Kitabu kinakusubiri. Ofisi haikusubiri. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na mambo ambayo kasi yake iko mikononi mwa wengine, na vitabu vinakuja baadaye.

Muda wa kutosha ni miaka miwili hivi. Nitatumia mfano wa mtu anayetaka kuingia chuo mwishoni mwa 2028. Wewe sogeza miaka kadiri ya hali yako.

1. Jua unaingilia mlango gani

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo wa udahili kinachoonyesha sifa za kila programu katika kila chuo. Kinapatikana bure kwenye tovuti yao. Kuna kitabu cha wanaotoka kidato cha sita na kingine cha wanaotoka stashahada. Pakua cha mwaka uliopita leo hii, tafuta uuguzi chuo kwa chuo, na usome mstari wote hadi nukta ya mwisho. Usitegemee alichokwambia binamu yako aliyesoma zamani.

Kwa mlango wa kidato cha sita, sifa iliyozoeleka ni ufaulu wa masomo matatu: Kemia, Baiolojia, na la tatu likiwa Fizikia, Hisabati ya Juu au Lishe, kwa jumla ya pointi 6. Katika hesabu hiyo C ni pointi 3, D ni 2 na E ni 1. Aliyesoma PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) hana shida ya masomo, ana shida ya alama tu. Aliyesoma CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) ndiye anayetakiwa kutulia. Somo lake la tatu ni Jiografia, na chuo kikiwa hakijaitaja Jiografia kwenye mstari ule, maombi yake hayatapita hata kama Kemia ana A.

Mlango wa pili ni wa walio na stashahada ya uuguzi na ukunga. Vyuo vimekuwa vikitaka wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, na juu yake D za kidato cha nne katika masomo yanayotajwa, ambayo mara nyingi ni Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Hapo kwenye D ndipo wauguzi wazoefu hukwama. Mtu amezalisha akina mama kwa miaka mingi, GPA yake ni nzuri, lakini Hisabati ya kidato cha nne ina F. Nitarudi kwenye hilo hivi punde kwa sababu lina foleni ndefu kuliko yote.

Mlango wa tatu ni wa asiye na kidato cha sita wala stashahada. Huyu njia yake inapita kwenye stashahada ya miaka mitatu chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Stashahada hiyo huhitaji ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Nyanda za Juu Kusini hatuna uhaba wa vyuo vya ngazi hiyo: Tosamaganga, Ilembula, Njombe, Mbozi. Ni safari ndefu, ndiyo, lakini ukimaliza stashahada, ukafaulu mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga na kupata leseni, unaweza kuajiriwa kabla ya kwenda shahada. Mimi ningemshauri mtu mwenye familia apite huko bila kuona aibu, kwa sababu anafika shahada akiwa na kitu cha kushika mkononi.

2. Kama kuna F, rudia mtihani mapema

Ukiwa na F katika somo linalotajwa, itabidi urisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba na matokeo hutoka Januari, lakini usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, miezi mingi kabla. Maana yake kwa wa mfano wetu ni hii: ajisajili mwanzoni mwa 2027, afanye mtihani Novemba 2027, apate matokeo Januari 2028, aombe chuo Julai 2028. Akichelewa dirisha la usajili la 2027, chuo kimesogea hadi 2029. Hakuna mtu wa kumwomba msamaha hapo.

D ya kidato cha nne inaanzia alama 30. Kwa mtu mzima aliyeacha Hisabati zamani, lengo hilo linafikika bila kujua kila kitu. Chagua mada unazoweza kuzimudu na kuzirudia hadi zikuchoshe: sehemu na asilimia, uwiano, milinganyo rahisi, takwimu, seti, hesabu za biashara. Nyingi kati ya hizo ndizo utakazozitumia kukokotoa dozi, kwa hiyo jasho lako halipotei. Mitihani ya miaka iliyopita inapatikana kwenye tovuti ya NECTA na kwa wauza vitabu. Tafuta mwalimu wa sekondari mtaani kwako, mkubaliane Jumamosi mbili kwa mwezi, umlipe. Ukimwomba akusaidie bure utaona haya kumsumbua, na haya hiyo ndiyo itakayokufanya uache.

3. Majina, vyeti na namba ya uhakiki

Weka mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cha sita kama kipo, stashahada pamoja na nakala ya matokeo yake, kitambulisho cha NIDA na leseni ya Baraza. Soma jina moja moja, herufi kwa herufi. Kwetu huku tatizo hili limejaa: shuleni uliandikwa kwa jina la babu, NIDA ukaandikwa kwa jina la ukoo, ukaolewa ukachukua la mume, na karani fulani akageuza "Mwakyusa" kuwa "Mwakyusya". Kama tofauti ni ndogo, hati ya kiapo kwa wakili au mahakamani inaweza kutosha. Kama ni jina tofauti kabisa, utahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Cheti cha kuzaliwa kinapitia RITA. Yote haya hufanyika kwa wiki au kwa miezi kulingana na ofisi, na hayafanyiki kabisa wiki ya mwisho ya maombi.

Wenye stashahada wanahitaji pia namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET, maarufu kama AVN, ambayo inaombwa mtandaoni. Bila namba hiyo mfumo wa chuo haukutambui. Ikiombwa mapema na matokeo yako yakakutwa hayajafikishwa na chuo ulichosoma, una nafasi ya kuwafuata. Ikiombwa Agosti, unawafuata huku dirisha linafungwa.

Piga picha safi za nyaraka zote na uzihifadhi kwenye barua pepe yako mwenyewe, yenye nywila unayoikumbuka. Barua pepe ya kijana wa stesheneri pale Kabwe haifai kwa kazi hii.

4. Mwajiri

Aliyeajiriwa serikalini asome sehemu hii mara mbili.

Halmashauri hupanga mafunzo ya watumishi wake ndani ya bajeti, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Bajeti ya mwaka unaoanza Julai 2028 inaandaliwa kuanzia miezi ya mwisho ya 2027. Kama jina lako halimo kwenye mpango wa mafunzo wakati huo, utakapokuja Septemba 2028 na barua ya udahili utaambiwa, kwa ukweli kabisa, kwamba hukupangwa. Kwa hiyo barua ya kwanza iandikwe mapema. Ieleze unataka kusoma nini, wapi, kwa miaka mingapi, na kituo chako kitanufaika na nini. Ipitishe kwa mganga mfawidhi wa kituo, kwa Muuguzi Mkuu wa Wilaya na Mganga Mkuu wa Wilaya, hadi kwa Afisa Utumishi. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Nakala ile ina thamani kuliko ahadi yoyote ya mdomo, hasa ofisa akihamishwa.

Nenda pia mwenyewe, ana kwa ana. Mwamkie mkubwa wako kama inavyostahili, mweleze, msikilize. Muuguzi mfawidhi ambaye ameachwa na watumishi wawili kwenye kituo kinachohudumia kata nzima hatafurahi kusikia unaondoka, na ana haki. Ukimpa mwaka mzima wa kujipanga atakuwa mtetezi wako. Ukimshtukiza, hata akisaini, barua yako itakaa kwenye trei.

Usiondoke bila ruhusa ya maandishi. Katika utumishi wa umma, kutokuwepo kazini kwa zaidi ya siku tano bila ruhusa kunatosha kukufungulia mashtaka ya nidhamu ambayo mwisho wake unaweza kuwa kufukuzwa. Wapo wanaojaribu kuwa chuoni Dodoma huku wakisainiwa daftari la mahudhurio Chunya. Siku hizi mifumo inaonana.

Hospitali za mashirika ya dini, ambazo kwetu ni nyingi, wakati mwingine humlipia mtumishi ada kwa makubaliano ya kurudi kufanya kazi kwa miaka kadhaa. Ni mpango mzuri ukiuelewa. Soma mkataba: ni miaka mingapi, inaanza kuhesabiwa lini, ukishindwa mwaka mmoja nani analipa, na ukiondoka kabla utarudisha kiasi gani. Mwombe mtu asiye na maslahi akusomee pia.

Na wewe wa dukani, kiwandani au shuleni, ambaye mwajiri wako hana haja na muuguzi: usitarajie ruhusa ya miaka minne. Panga kama mtu anayeacha kazi. Ulizia stahiki zako na michango yako ya hifadhi ya jamii kabla hujaandika barua ya kuacha, na usiiandike kabla ya kuthibitishwa chuoni.

5. Fedha

Tuanze na linalowaumiza wengi. Bodi ya Mikopo, kwa miongozo yake ya miaka ya karibuni, imetaka mwombaji wa shahada ya kwanza asizidi miaka 35, awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano, na asiwe na ajira inayomwingizia kipato. Mtu mzima aliye kazini kwa kawaida anaanguka kwenye kigezo kimoja au vyote vitatu. Kama wewe unapita, omba kwa bidii. Kama hupiti, ondoa mkopo huo kwenye hesabu zako leo, usiuweke kama "labda".

Kinachobaki ni mshahara, akiba, shamba na ndugu.

Mtumishi aliyepewa ruhusa yenye malipo anabaki na mshahara, lakini posho za zamu na za kuitwa usiku zinakatika, kwa kuwa hafanyi tena kazi hizo. Ukizoea kuishi kwa posho na kuuacha mshahara ukatwe na benki, ukiwa chuoni utaona maajabu. Kwa hiyo mwaka mmoja kabla, jaribu kuishi kwa kile kinachobaki baada ya makato peke yake, na posho zote uziweke. Kama huwezi kuishi hivyo ukiwa nyumbani kwako, hutaweza ukiwa umepanga chumba Dodoma huku watoto wanakula Mbeya. Mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara umalize, na usichukue mwingine mkubwa "wa kwendea chuo" unaokuacha na theluthi moja ya mshahara kwa miaka minne.

Ada ya chuo binafsi inaweza kuwa mara mbili ya chuo cha umma au zaidi, lakini ada peke yake inadanganya. Andika kwenye daftari pia chumba, chakula, nauli za likizo, sare, viatu vya wodini, vitabu, chapa za ripoti, na nauli ya kwenda vituo vya mafunzo kwa vitendo. Halafu andika gharama za familia utakayoiacha nyumbani. Watu wengi wanasahau ukurasa huo wa pili.

Kalenda ya fedha za huku ina tabia yake, na haifanani na ya chuo. Masomo huanza Oktoba au Novemba, na ndipo awamu ya kwanza ya ada inapodaiwa. VICOBA vingi huvunja Desemba. Omba kikundi chako, mapema na kwa heshima, kivunje Septemba mwaka huo, au uchukue mkopo wa kikundi utakaoulipa Desemba kutoka kwenye fungu lako. Mahindi tunavuna Juni na Julai, wakati kila mtu ana mahindi na bei iko chini. Anayeweza kuyahifadhi hadi mwanzoni mwa mwaka huuza vizuri zaidi, na fedha hiyo inaangukia karibu na muhula wa pili. Ila yahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Gunia lililotobolewa na dumuzi halilipi ada ya mtu. Wenye chai au parachichi Rungwe na Njombe wana mapato yanayokuja kwa vipande. Hayo yafaa zaidi kwa chakula na kodi ya chumba kuliko kwa ada.

Kwa ndugu: sema kiasi na tarehe. "Mjomba, naomba unisaidie laki moja kila Februari" inajibika. "Mjomba, nisaidie masomo" inaishia kwenye amina.

6. Chuo gani, na kiko wapi

Kwa mkazi wa Mbeya au Iringa anayetafuta shahada ya uuguzi, uwezekano mkubwa ni kusafiri. Muhimbili na Kairuki ziko Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma kiko Dodoma, KCMC Moshi, Bugando Mwanza. Mbeya kuna ndaki ya sayansi za afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Iringa kuna vyuo vikuu vyake, lakini kuwepo kwa chuo hakumaanishi kuwa kina programu yako mwaka huo. Kitabu cha TCU ndicho kinachosema. Chuo Kikuu cha Aga Khan, Dar es Salaam, kinajulikana kwa programu ya shahada kwa wauguzi walio na stashahada na wako kazini. Inamfaa anayefanya kazi Dar au anayeweza kuhamia huko, si wa Tukuyu anayetaka kwenda na kurudi.

Ningekuwa na watoto wadogo Mbeya au Iringa, ningeangalia Dodoma kwanza. Barabara ya Iringa hadi Dodoma kupitia Mtera ni ya lami, na mtu wa Iringa anaweza kurudi nyumbani wikiendi ndefu bila kuvunjika mgongo. Dar kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Utakwenda mwanzo wa muhula na kurudi mwisho. Moshi na Mwanza ni mbali zaidi, ingawa wapo waliosoma huko wakafaulu vizuri kwa sababu hiyohiyo ya kutokuwa na njia ya kurudirudi.

Baada ya shahada, utarajali hupangwa kupitia Wizara ya Afya, na hospitali kubwa za huku, kama ya Rufaa ya Kanda Mbeya, hupokea watarajali. Kwa hiyo inawezekana kuumalizia mwaka wa tano ukiwa karibu na nyumbani.

7. Nyumbani

Zungumza na mwenzako kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote, na uzungumze kwa kazi maalumu: nani anaamka saa kumi na moja kuwaandaa watoto, nani anakwenda kikao cha wazazi, nani anashika ufunguo wa ghala, nani anampeleka mama kliniki ya presha. Msaidizi wa nyumbani kama atahitajika, aanze miezi mitatu au minne kabla hujaondoka, ili watoto wamzoee ukiwepo.

Fanyeni majaribio. Ondoka wiki mbili wakati wa likizo yako ya mwaka, nenda kwa dada yako Makambako, na usiongoze nyumba kwa simu. Yatakayoharibika katika wiki hizo ndiyo orodha yako ya matengenezo.

Niseme na hili kama muuguzi kwa muuguzi: kama mnapanga mtoto, hesabuni miezi. Ujauzito chuoni si mwisho wa masomo, lakini vipindi vya wodi vina saa za lazima, na saa zisizotimia hurudiwa, mara nyingine pamoja na mwaka mzima. Uzazi wa mpango tunaoufundisha kliniki kila Jumatatu unatuhusu na sisi.

8. Sasa vitabu

Miezi tisa au kumi kabla ya chuo inatosha, ukiwa na saa moja ya uhakika kwa siku nne za wiki. Mwenye zamu asijidanganye kusoma akitoka usiku; alale kwanza. Muda mzuri kwa wengi ni alfajiri ya siku ya zamu ya mchana, nyumba ikiwa kimya na baridi ya Uyole ikikuweka macho.

Mwaka wa kwanza umejaa anatomia, fiziolojia, biokemia na mikrobiolojia, na vyote vinafundishwa kwa Kiingereza. Usijaribu kuvimaliza. Chukua moyo na mishipa, mapafu, figo, na uzazi. Ukivielewa hivyo vinne, mengine utayapachika. Kila ukimaliza kurasa chache, funga kitabu na uandike ulichokumbuka kwa Kiingereza, sentensi zako mwenyewe, hata zikiwa mbovu. Kusoma tena na tena huku unapiga mistari kunapendeza lakini hakubaki kichwani. OpenStax, ya Chuo Kikuu cha Rice huko Marekani, inatoa bure mtandaoni kitabu kizima cha anatomia na fiziolojia. Kipakue mara moja kwenye intaneti ya ofisini au ya mjini, kisha usome bila kumaliza bando.

Aliye kazini wodini ana shule tayari. Kila zamu chagua mgonjwa mmoja, na ukifika nyumbani jiulize: kwa nini alipewa dawa ile, kwa nini mkojo unapimwa, kwa nini miguu imevimba. Majina ya wagonjwa yabaki wodini, maswali ndiyo uyachukue.

Kisha hesabu za dawa. Hizi ndizo zinazowatoa jasho watu wazima, na ndizo ninazoomba mtu azifanye kila wiki bila kukosa. Kanuni ni moja: dozi inayotakiwa, gawanya kwa dozi iliyopo kwenye dawa, zidisha kwa ujazo wake.

Mtoto ana kilo 12 na anatakiwa kupewa paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo. Dozi ni 12 × 15 = miligramu 180. Dawa ya maji iliyopo ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Basi 180 ÷ 120 × 5 = mililita 7.5.

Imeandikwa gentamicin miligramu 60, na kichupa kina miligramu 80 katika mililita 2. Basi 60 ÷ 80 × 2 = mililita 1.5.

Dripu ya mililita 500 iishe kwa saa 4, na mpira wake unatoa matone 20 kwa mililita. Saa 4 ni dakika 240. Zidisha 500 × 20, unapata 10,000. Gawanya kwa 240, unapata 41.67, yaani matone 42 kwa dakika.

Kabla ya kukubali jibu lolote, litazame kwa jicho la wodini. Ukipata mililita 75 za dawa ya maji kwa mtoto wa kilo 12, hesabu imekosea hata kama kikokotoo kimesema. Tabia hiyo ya kulitilia shaka jibu ndiyo mtu mzima anayo zaidi ya kijana, itumie. Jizoeze pia asilimia za dripu: dextrose ya asilimia 5 ina gramu 5 katika kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 500 ina gramu 25.

Kompyuta usiiache mwishoni. Jifunze kuchapa kwa vidole vyote, kupanga kurasa, kutengeneza jedwali na kutuma kiambatisho. Kijana mmoja wa stesheneri anaweza kukufundisha hayo kwa mwezi.

9. Mwili

Chanjo ya homa ya ini aina ya B hutolewa kwa dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Anayeingia wodini Novemba aanze angalau Aprili, na Januari ni bora. Pima macho pia. Wengi wenye miaka arobaini wanadhani wamekuwa wazito wa kusoma kumbe wanahitaji miwani.

10. Maombi na simu yako

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kwa kawaida Julai, dirisha la maombi hufunguliwa na unaomba moja kwa moja kwenye mfumo wa kila chuo. Omba zaidi ya kimoja. Soma tena sifa kwenye kitabu kipya cha mwaka huo, maana mistari hubadilika. Ukichaguliwa na vyuo viwili au zaidi, utatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu, ndani ya siku chache zilizotangazwa. Kwa hiyo laini uliyojazia fomu iwe ya kwako, imesajiliwa kwa kitambulisho chako, na isimamiwe na wewe mwenyewe. Kama uko Makete au Ileje ambako mtandao unapotea mvua ikinyesha, panga siku hizo uwe mjini.

Ukishathibitisha, peleka barua ya udahili kwa mwajiri siku hiyohiyo, ukiambatanisha nakala ya ile barua ya 2027 yenye muhuri. Subiri ruhusa iliyosainiwa ikiwa mkononi, kisha ndipo ukabidhi funguo za kabati la dawa, rejista na vifaa kwa maandishi, mkiwa mmesaini wote wawili.